Kulala ndani ya gari ukienda Mombasa: mwongozo kwa anayetoka Tanga

Ikikaribia Desemba simu yangu haitulii. "Kaka, Hiace yangu nimeitia kitanda, nikifika Mombasa nalala wapi?" "Naweza kuegesha pale feri nikangoja asubuhi?" "Polisi wa kule hawasumbui?" Nimejibu maswali haya kwa sauti za WhatsApp za dakika saba mpaka mke wangu amezihifadhi kichwani. Basi nayaandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Jibu la haraka ni hili: usilale Mombasa mjini. Lala kusini ya mji, kati ya Msambweni na Likoni, pale penye feri ya kuvukia kisiwani uliko mji, gari ulifungie ndani ya ua wa mtu, kisha mjini uende kwa matatu na miguu. Kisiwani kwenyewe mitaa ni finyu, maegesho ni ya kulipia, na sijawahi kuona kambi ya magari. Kazi iliyobaki ni kumpata huyo mwenye ua, na kumpata kabla jua halijazama.

Ninaposema gari-nyumba, ambalo wengine huliita kempa, namaanisha lolote unalolala ndani: Noah yenye godoro, Hiace iliyong'olewa viti, Land Cruiser yenye hema juu ya paa, hata Coaster yenye jiko na choo chake.

Uwe na nini kabla ya kuwasha gari

- Pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria. Kitambulisho cha NIDA peke yake kisikudanganye.
- Kadi halisi ya gari. Kama gari si la jina lako, barua ya mwenyewe iliyopigwa muhuri na wakili.
- Bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Ikatie Tanga kwa wakala wako wa bima.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna siku haiulizwi, kuna siku inaulizwa.
- Madumu matatu ya lita 20 ya maji, waya wa umeme wa mita 20 (plagi za Kenya ni hizi hizi zetu za miguu mitatu), tochi, chandarua, vipande viwili vya ubao wa kuwekea matairi, koleo na pampu ya upepo.
- Vikapu vya ukili. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, miaka miwili kabla yetu, na hata kukutwa nayo ni kosa. Kagua mpaka chini ya kiti. Mfuko wa zamani uliofungia vitunguu huwa umejificha huko.
- Kimo cha gari lako, kilichopimwa kwa futi ya fundi, kimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya dereva. Hiace ya paa refu ina kama mita 2.3, ukiongeza sola na kasha la mizigo unagusa 2.5. Malango mengi ya pwani yana boriti juu, na boriti haina huruma.

Hatua ya 1: Lala usiku mmoja nyumbani kwanza

Usiruke hatua hii. Nenda njia ya Pangani, pale Peponi karibu na Kigombe, ambako wenye magari ya safari ndefu wamezoea kupiga kambi, ulale usiku mmoja. Utagundua godoro ni fupi, feni inakula betri, na choo cha kubeba kinavuja ukikiinamisha. Bora uyagundue ukiwa umbali wa dakika arobaini kutoka Ngamiani kuliko ukiwa nchi ya watu.

Hatua ya 2: Tafuta kwenye ramani, lakini usiiamini ramani

Kuna programu inaitwa iOverlander. Humo wasafiri wenyewe huandika wamelala wapi, walilipa nini, maji yalikuwaje. Tazama kipande cha kati ya Lungalunga, mpakani upande wa Kenya, na Likoni. Ukipata mahali, usisome sifa. Soma tarehe ya maoni ya mwisho. Kambi iliyosifiwa miaka minne iliyopita huenda leo ni fleti.

Kisha fungua picha ya setilaiti ya mahali hapo. Tafuta vitu vitatu: ukuta au ua, njia ya kuingilia inayotosha gari lako, na rangi ya ardhi. Ardhi nyeupe ni mchanga. Kijani kizito ni miti, na si kila mti ni rafiki, tutafika huko.

Maeneo ninayoyapa kipaumbele ni haya. Tiwi, kama kilomita 20 kabla ya Likoni, ndiyo napenda kuliko zote. Pale Twiga Lodge wenye magari ya namna hii wamekuwa wakipiga kambi ufukweni kwa miaka mingi, na kutoka barabara kuu ya Tiwi matatu za Likoni ni nyingi. Diani, ambayo unaingilia Ukunda, ina maduka na mafundi wa kila aina, ila ni ya watalii na bei ni za watalii. Ukichoshwa na joto, panda Shimba Hills upande wa Kwale, kwenye kambi za hifadhi. Usiku kuna ubaridi, na ndiko peke yake Kenya unakoweza kumwona palahala. Lakini ni hifadhi: malipo ni ya mtandaoni, si taslimu, sisi wa Afrika Mashariki tuna kiwango chetu, na lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, tembo hawakufungulii.

Hatua ya 3: Mtumie ujumbe mwenye mahali, na umuulize yanayohusu

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapiga simu, wanauliza "Kuna nafasi?", wanajibiwa "Ipo, karibu", wanafunga safari. Nafasi ya nini? Mwenzio anawaza chumba. Andika hivi:

"Salaam aleikum. Natoka Tanga na gari la kulala ndani, aina ya Hiace, kimo mita 2.5, tuko watu wawili. Hatuhitaji chumba, twahitaji mahali pa kuegesha na kulala ndani ya gari, Ijumaa na Jumamosi. Naomba kujua: lango lina kimo gani? Ardhi ni mchanga au ngumu? Maji ni ya bomba au ya kisima? Choo na bafu vipo? Mlinzi analala hapo usiku? Mwatoza kwa kichwa au kwa gari? Ukiweza, nitumie picha ya mahali penyewe."

Swali la kisima lina maana. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Utaoga, lakini chai yake haifai. Swali la bei lina maana zaidi: kambi nyingi hutoza kwa kichwa, kwa hiyo familia ya watu sita isishangae. Na kumbuka anayekutajia ni shilingi ya Kenya, ambayo ni karibu 20 za kwetu. Nina jamaa aliyesikia "elfu moja" akachekelea njia nzima.

Desemba na Agosti watu wa Nairobi hushuka pwani kama siafu. Andika wiki tatu kabla. Miezi mingine siku mbili zinatosha.

Hatua ya 4: Toka Tanga alfajiri

Ukishaswali, kunywa chai, ondoka. Kutoka mjini unapita Mabokweni unashika njia ya Horohoro, mpakani upande wetu, kilomita 65, lami tupu. Kutoka Lungalunga hadi Likoni ni karibu kilomita 100 nyingine. Ukiambiwa kilomita 165 unadhani ni mchezo wa saa mbili na nusu. Ongeza mpaka, ongeza matuta ya Kenya, ambayo mengine hayana rangi wala kibao, na ukumbuke kwamba kwenye tuta kila sufuria uliyonayo itazungumza. Mimi huondoka saa kumi na mbili asubuhi, ili saa nane mchana niwe nimevua viatu.

Hatua ya 5: Mpakani

Horohoro na Lungalunga ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania unapita moja kwa moja hadi upande wa Kenya, na huko ndiko unagonga mihuri yote miwili, ya kutoka na ya kuingia. Ukirudi unafanya vilevile upande wetu. Watu wengi husimama Horohoro wakipanga foleni ambayo si yao.

Gari linaandikiwa kibali cha muda. Soma siku zilizoandikwa kabla hujaondoka dirishani. Siku zikipita, faini ni yako. Na jiandae kwa swali la viti. Kadi yangu inasema abiria 14, mlango ukifunguliwa kuna kitanda, jiko na picha ya mama mkwe. Ofisa aliangalia kadi, akaangalia kitanda, akaniuliza, "Hawa kumi na wanne huwalaza wapi?" Badilisha kadi kwanza, uepuke maelezo.

Hapohapo nunua laini ya simu ya Kenya, uisajili kwa pasipoti, utie M-Pesa. Bila M-Pesa kule utakuwa bubu.

Hatua ya 6: Fika kabla ya saa kumi jioni, na ushuke kwa miguu

Hata kama umetumiwa picha. Egesha nje ya lango, shuka, msalimie mlinzi, omba kutembea ndani. Angalia boriti ya lango na matawi. Kanyaga ardhi kwa kisigino: kikizama, tairi litazama. Uliza choo kiko wapi, ukifungue. Muulize mlinzi, si mwenye mahali, kama usiku kunakuwaje. Mlinzi ndiye anayejua mbwa wanabweka saa ngapi na disko la jirani linazimwa lini.

Ukiona moyo unasita, aga kwa heshima uondoke. Saa kumi bado una saa mbili na nusu za mwanga. Saa moja usiku huna uchaguzi, utalala popote, na popote ndipo mabaya hutokea.

Hatua ya 7: Egesha kama mtu atakayeondoka usiku

Pua ya gari ielekee lango. Tumia zile mbao kusawazisha; ukilala kichwa kikiwa chini utaamka na kipandauso.

Usiegeshe chini ya mnazi. Najua kivuli kinavutia. Nazi haisemi "jihadhari". Mwembe nao msimu wa maembe hupiga paa usiku kucha, ukilala unaota vita. Tafuta mkwaju au mwarobaini, au kaa juani ufungue madirisha.

Na usiegeshe mchangani chini ya mstari wa mwani mkavu. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjuzi, nikashuka hadi kwenye mchanga mgumu huku huku kwetu, kusini ya mji wa Tanga, kwa sababu mandhari yalikuwa mazuri. Maji yalikuwa yamepwa, bahari iko mbali kule. Saa nane usiku nikasikia kitu kinalamba rimu. Nafungua mlango, mguu unaingia majini. Wavuvi wanne waliokuwa wakitoka na ngalawa wakanisukuma, wakitukana polepole. Mmoja wao, mzee, nilipomshukuru hakuniambia pole. Aliniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Ilikuwa mwezi kumi na tano wa kuandama, mwezi mpevu. Mtoto wa Tanga mzima, nimesahau bamvua. Basi shika hili: mwezi mpevu na mwezi mchanga, na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani hii hupwa mbali na kujaa juu sana, tofauti ikipita mita 3. Tazama kalenda ya Kiislamu kabla ya kutazama mandhari. Maji mafu, yale ya kati ya bamvua na bamvua, yana nafuu, lakini hata wakati huo kaa juu ya mwani.

Hatua ya 8: Mjini nenda bila gari

Asubuhi toka hadi barabarani, panda matatu hadi Likoni, vuka feri. Mtembea kwa miguu halipi. Gari hulipa kwa ukubwa wake, na foleni ya magari jioni inaweza kukuzeesha. Ng'ambo ya pili una tuktuk za kukupeleka Mji wa Kale, Fort Jesus, Marikiti. Kunywa kahawa tungu, kula viazi karai, rudi kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo Likoni yote inarudi nyumbani pamoja nawe.

Ikibidi kuvuka na gari, kwa mfano unaendelea Kilifi, funga mtungi wa gesi, vuta hendibreki, tia gia. Mwaka 2019 gari dogo liliteleza kutoka kwenye feri hiyo na watu wawili wakapoteza maisha. Njia nyingine ni barabara ya Dongo Kundu, inayokutoa pwani ya kusini hadi upande wa Miritini bila kugusa feri. Kwa gari refu mimi naipendelea.

Hatua ya 9: Ondoka bila kuacha alama

Choo cha kubeba kimwage chooni, baada ya kuuliza. Kama unatumia dawa ile ya buluu, sema, maana mashimo mengine huharibika nayo. Usimwage baharini wala kwenye mikoko. Maji ya vyombo yamwage mbali na kisima. Taka rudi nazo kwenye kikapu mpaka upate pipa.

Ukikosa kambi kabisa

Hutokea. Mpangilio wangu wa kujaribu ni huu, kutoka bora hadi afadhali. Kwanza, hoteli ndogo au mgahawa wenye ua mkubwa: ingia, agiza chakula cha jioni, kula, ndipo uombe kulala uani. Aliyekulisha ni vigumu kukufukuza. Pili, ua wa msikiti, kanisa au shule, kwa ruhusa ya mkubwa wa mahali. Vaa kwa adabu na usipike nje. Tatu, kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha. Zungumza na meneja wa zamu, na umwombe awaambie wa zamu inayofuata, la sivyo saa sita utagongewa dirisha na mtu asiyejua habari zako. Nne, kituo cha polisi. Hutalala vizuri, taa zinawaka usiku kucha, lakini utaamka na matairi yote.

Usilale kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja kitupu (viwanja vitupu vya Diani vina wenyewe, na wenyewe wana mbwa), ufukwe wa wazi, wala njia ya kuelekea feri.

Neno la lugha kidogo. Kule ukiuliza "sheli iko wapi" huenda ukapelekwa hadi kwenye Shell yenyewe, ukipita vituo viwili vya mafuta njiani. Sema "petroli". Stendi ni steji. Mlinzi, kwa watu wa bara, ni soja. Kwa wazee wa Kimvita anza na sabalkheri au masalkheri, utaona lango linavyofunguka.

Mambo yakiharibika

*Umezama mchangani.* Acha kukanyaga mafuta, kila mzunguko unachimba. Chimbua mbele ya matairi kwa koleo, tia zile mbao, punguza upepo hadi kama 18 psi, toka polepole bila kukata kona. Ukifika kwenye ardhi ngumu jaza upepo upya kabla ya kushika lami.

*Lango ni fupi kwa kidole kimoja.* Watu wazima wanne wakipanda ndani, gari hushuka kidogo. Nimefanya. Ukiona haitoshi, usipunguze upepo wa matairi kwa ajili ya boriti. Egesha nje au tafuta kwingine.

*Polisi wamegonga usiku.* Washa taa ya ndani, salimia, fungua dirisha kidogo, toa pasipoti na kibali cha gari, mtaje mwenye ua kwa jina na namba yake ya simu. Ndiyo maana jina na namba yake huandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu ambayo imezimika.

*Tumbili.* Diani na Tiwi wapo, na wana akili kuliko sisi. Usiache ndizi mbele ya kioo, usiache dirisha la paa wazi, usimlishe hata mmoja. Akishaingia, fungua milango yote, simama kando, mwache atoke mwenyewe. Usimfungie humo mkiwa wawili.

*Betri imekufa.* Betri ya kulalia isiwe ndiyo ya kuwashia. Kama ni moja, friji izimwe usiku. Asubuhi tafuta mwenye gari na waya wa kuchajia. Matatu hawakosi, ila mpatane bei kwanza.

*Umefika usiku licha ya yote niliyosema.* Usiingie njia za vumbi kutafuta ufukwe. Baki barabara kuu, simama kituo cha kwanza cha mafuta chenye taa na watu, omba kama nilivyoeleza juu, na kambi uitafute asubuhi ukiwa umeoga.